Mguu Usiouma

Tarehe 10 Oktoba 1870, msafiri mmoja alitoka nje ya kibanda chake Kabambare baada ya kulala ndani siku 80. Hakuwa mfungwa wa mtu. Vidonda vya miguu ndivyo vilivyomfunga tangu 22 Julai. Msafiri huyo ni David Livingstone, na mji wenyewe aliuandika Bambarre, katika nchi aliyoiita Manyema. Katika shajara yake alieleza pia kwamba watumwa wenye vidonda kama vyake walisikika usiku wakilia kambini.

Kilio kile kilikuwa na kazi yake. Maumivu ndiyo yaliyomlaza Livingstone chini. Asingelala, pengine asingeinuka. Leo katika nchi hiyohiyo, ambayo sasa ni mkoa wa Maniema wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna watu wenye vidonda vya miguu ambao hawalii wala hawalali. Wanakwenda shambani, wanarudi na kuni, wanasimama sokoni kutwa nzima. Hawa wana ugonjwa wa sukari, na miguu yao imeacha kuwapa habari.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu. Huanza na ile mirefu kuliko yote, inayotoka uti wa mgongo hadi ncha za vidole vya miguu. Wengine huhisi moto nyayoni, kuchomachoma, au siafu wanaotambaa usiku hali kitanda ni safi. Wengine hawahisi kitu: hadi nusu ya watu wenye uharibifu huu hawana dalili hata moja ya kulalamikia. Kisha ganzi hupanda kama soksi, na ikikaribia magoti vidole vya mikono navyo huanza kuingia. Mwenye mguu wa namna hiyo huweza kukanyaga msumari, akaenda nao sokoni na kurudi nao nyumbani.

Je, inafaa kuusaka uharibifu huo mapema Kabambare? Makala haya yamelipa swali hilo sauti nne. Wanaosema hapa ni wa kutungwa, ndiyo maana hawana majina, na baraza walilokalia ni la kubuni. Mambo wanayobishania si ya kubuni.

Wa kwanza ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, mtu wa makamo, mwenye funguo za stoo shingoni. Wa pili ni daktari kijana aliyetoka mji wa Kasongo kwa pikipiki, matope bado hayajakauka kwenye suruali. Wa tatu ni mama mchuuzi wa mchele na mawese, mwenye sukari kwa miaka tisa. Wa nne ni mzee aliyezunguka vijiji kwa baiskeli enzi zake akiwapelekea wagonjwa wa ukoma dawa.

Muuguzi hakungoja kuulizwa.

"Dokta, mimi nina kitabu cha chanjo, cha wajawazito, cha malaria, cha kifua kikuu na cha lishe. Kila mgeni anayetoka Kindu, makao makuu ya mkoa, anakuja na kitabu kipya chini ya kwapa. Leo wewe unaniletea cha vidole vya miguu! Haya, nimempima mtu, nimekuta ganzi. Nimpe nini? Dawa ya kufufua mshipa uliokufa hapa haipo, Kindu haipo, na huko Ulaya ulikosoma vitabu vyako haipo vilevile."

Hoja hii isichukuliwe kuwa ya mvivu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner iliyoweka masharti kumi ya kuwapima watu ugonjwa kabla hawajaugua waziwazi, na mojawapo ya masharti hayo ni kwamba matibabu yawepo kwa yule atakayekutwa nao. Kumwambia mtu habari mbaya na kumwachia aende nayo nyumbani si huduma.

Muuguzi alikuwa na karata nyingine, na hii ilimgusa daktari kwao. Miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, iliendesha Kasongo mradi wa afya ya msingi uliokuja kusomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti wake wa chanjo ya surua na maisha ya watoto. Mwaka 1983 ikatoa kazi nyingine isiyofurahisha wapenda mizani: kuwapima watoto mwili hakukutabiri vizuri ni yupi atakayekufa. "Ninyi watu wa Kasongo," alisema muuguzi, "ndio mliotufundisha tusipime kitu kwa sababu tu kinapimika."

Daktari alicheka, akakubali nusu. Mshipa ukishakufa ni shida kuurudisha, alisema, ila anayetafutwa hapa ni mguu wenyewe. Kati ya ganzi na kukatwa mguu kuna njia ndefu: kokoto ndani ya kiatu, lengelenge, kidonda, usaha, mfupa kuoza. Ganzi haikati mguu wa mtu. Kinachoukata ni kidonda ambacho hakikuonekana kwa wiki tatu, na hicho kinazuilika bila dawa yoyote ya mishipa.

"Na kipimo chake?" aliuliza muuguzi. "Umekuja na mashine?"

Daktari aliinua kidole chake cha shahada.

Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Ipswich, Uingereza, wakiongozwa na Gerry Rayman, walieleza namna ya kupima ganzi kwa kugusa tu. Mgonjwa anavua viatu na kufumba macho. Mpimaji anagusa ncha za vidole sita vya miguu, kidole gumba, cha kati na kidogo kwa kila mguu, kila kimoja kwa sekunde moja au mbili, kama unyoya ulioanguka. Mgonjwa anasema "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi, mguu umepoteza hisia. Majibu yake yalikaribiana sana na yale ya kipimo kilichozoeleka cha uzi wa nailoni, na hakuna cha kununua wala cha kuishiwa stoo.

Hapo ndipo mzee wa ukoma alipokohoa.

"Wanangu, mnasimulia habari za Ingereza kana kwamba hapa hatukuwahi kugusa mguu wa mtu. Sisi tulitumia kalamu ya Bic. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa unyayo na ncha ya kalamu, anakuonyesha kwa kidole pale ulipogusa. Tulifanya hivyo chini ya miembe, na mvua ikinyesha tulifanya barazani."

Mzee hakutia chumvi. Kongo imo miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi wa ukoma, na kalamu ya kawaida imepima nyayo nyingi katika kazi hiyo. Ukoma huletwa na bakteria na hauhusiani na sukari, lakini mwisho wake kwa mguu ni uleule: ganzi, kidonda kisichouma, mfupa kuliwa. Tena historia inampa mzee haki kuliko alivyojua mwenyewe. Ule uzi wa nailoni unaotumika leo katika kliniki za sukari za dunia nzima, unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10, ulitokea kwenye ukoma. Mwaka 1986 Birke na Sims, waliofanya kazi katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani, walichapisha katika jarida la ukoma kwamba asiyehisi uzi wa nguvu hiyo hana tena hisia ya kumlinda na vidonda. Madaktari wa sukari waliuchukua kutoka kwao.

Carville hiyohiyo ndiyo aliyohamia Paul Brand mwaka 1966 baada ya miaka mingi ya kuwapasua wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Brand alisimulia jinsi wagonjwa wake walivyokuwa wakiamka asubuhi na sehemu ya kidole imetoweka. Uvumi wa kale ulisema ukoma hudondosha vidole. Usiku mmoja mtu alikesha, akaona: ni panya. Walikuja gizani, wakatafuna, na mwenye kidole akaendelea kukoroma. Dawa aliyoiandika Brand ilikuwa paka. Kila mgonjwa aliyerudi kwao alipewa wake.

Mama mchuuzi aliguna kwa kicheko. "Hayo ya Wahindi."

Si ya Wahindi peke yao. Mwaka 2005 Dokta Zulfiqarali Abbas, aliyeijenga huduma ya miguu ya wagonjwa wa sukari Dar es Salaam, alichapisha pamoja na wenzake habari za Watanzania wenye kisukari waliong'atwa miguu na panya usingizini. Nyumba inayohifadhi mchele gunia kwa gunia chumbani, kama zilivyo nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare msimu wa mavuno, haihitaji kufafanuliwa habari za panya. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama paka wa jirani anaweza kuazimwa.

Daktari, ambaye angeweza kuuacha ushindi huo utulie, aliuharibu mwenyewe, na katika hili mwandishi anamheshimu. Alisema neno "mapema" linadanganya. Vidole sita na uzi wa nailoni havigundui mwanzo wa uharibifu. Vinagundua mishipa minene ya mguso ikiwa imekwisha kuzidiwa. Nyuzi zinazoanza kufa ni zile nyembamba za maumivu, joto na baridi, na hizo zinataka ujuzi mwingine. Huko Doha, Qatar, Profesa Rayaz Malik na wenzake hutazama nyuzi za fahamu za konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kwa hadubini maalumu na kuziona zikipungua kabla mguu haujasema lolote. Kwingineko hukatwa kipande kidogo cha ngozi, nyuzi zikahesabiwa.

"Kwa hiyo unatuletea kipimo cha kuchelewa!" muuguzi alidaka.

"Kuchelewa kwa mshipa, ndiyo. Kwa mguu, bado ni asubuhi. Na kabla ya kidole kuna ulimi, Baba. Muulize mtu kama usiku nyayo zinawaka, kama shuka likimgusa linamuudhi, kama anahisi anatembea juu ya pamba. Mguse na kijiko kilichotoka kwenye maji ya mtungi, umuulize kama ni baridi. Hivyo navyo ni vipimo."

Kuna sababu ya kuuliza maswali hayo mapema hata pasipo dawa ya kufufua mishipa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, uliofuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukali kulipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wazima wengi, faida kwa mishipa ni ndogo kuliko hiyo, ila ipo. Na moto wa usiku una dawa ya kuupoza, amitriptilini, ya zamani na ya bei ya chini.

Muuguzi alirudi kwa upande mwingine, na hapa alisema jambo zito kuliko yote ya baraza lile.

"Ganzi ya nani, Dokta? Anayemeza dawa za kifua kikuu anaweza kupata ganzi. Mnywaji wa pombe ya lotoko anapata ganzi. Wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri nao miguu inawapooza. Mzee hapa atakuambia ya ukoma. Hata metformini unayowaandikia watu wa sukari, ikimezwa miaka mingi, hupunguza vitamini B12, na hiyo ikipungua inaleta ganzi. Nikigusa vidole vya kijiji kizima nitapata ganzi za kila rangi na sitajua ipi ni ipi. Halafu wengi wenye sukari hawajijui."

Yote ni kweli. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hushambulia mishipa ya fahamu asipopewa mtu vitamini B6. Sumu ya mihogo michungu ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliopata jina lake upande wa Kwango, magharibi mwa Kongo. Na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wana kisukari, zaidi ya nusu yao bila kujua.

Basi hoja ya kupima kijiji kizima ikafa palepale barazani, na hakuna aliyeililia. Kilichobaki ni kidogo na kinawezekana. Waanzwe wale ambao majina yao yamo tayari katika daftari la sukari. Utaratibu unaokubalika duniani ni kwamba mwenye aina ya pili apimwe miguu siku ileile anayogunduliwa, kwa sababu sukari yake huenda imekaa miaka bila kujulikana. Mwenye aina ya kwanza apimwe baada ya miaka mitano, na wote kila mwaka tangu hapo. Teritori ya Kabambare ina zoni tatu za afya: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Wagonjwa wa sukari wanaofahamika katika kituo kimoja cha zoni hizo hawawezi kuwa umati wa kumshinda muuguzi mmoja asubuhi moja kwa mwaka.

"Na mimi?" alisema mama. "Mnazungumza miguu yangu kana kwamba nimeiacha nyumbani."

Aliinyoosha mbele ya watu. Kisigino kilikuwa na mpasuko wa kuingiza ukucha, na pembeni mwa kidole gumba kulikuwa na sugu nene ya njano. Viatu alikuwa navyo, vya kufunika vidole, vizuri. Huvaa Ijumaa na harusini. Shambani peku, jikoni peku, sokoni kandambili. Wembe wa kukwangua sugu anao pia, na miguu ikiwaka usiku huitia katika beseni la maji ya moto.

Daktari alishika kichwa. Katika maneno machache yale mama alikuwa amehesabu karibu kila njia ya kupotea kwa mguu wenye ganzi: kutembea peku, kandambili inayoacha vidole wazi, wembe, maji ambayo mguu hauwezi kusema ni ya moto kiasi gani. Moto wa kuotea asubuhi za baridi nao umo katika hesabu hiyo, na chale za mganga wa kienyeji. Huku Saramabila, kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Namoya, wachimbaji husimama ndani ya maji na matope kutwa. Kijana mwenye sukari kazini humo akichanika mguu, hatajua mpaka anuke.

"Viatu vya sokoni nitanunua," mama alisema. "Shambani sitavaa. Matope ya mpunga yanavua kiatu chenyewe."

Hilo halikupata jibu zuri, na hakuna haja ya kulitungia. Mzee alisema wagonjwa wake wa ukoma walitengenezewa ndara za tairi zenye kamba nyuma ya kisigino, na ndani tabaka la mpira laini. Fundi wa viatu yeyote anaweza kuzishona. Kwa matope hazikufaa pia. Alichowafundisha kwa shamba ni kitu kingine: kuosha miguu jioni, kukausha katikati ya vidole, kupaka mawese kidogo kwenye visigino vinavyopasuka, na kumpa mtoto mwenye macho makali azitazame nyayo kila usiku. Macho yalifanya kazi iliyoachwa na mishipa.

Muuguzi alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali la mtu aliyekwisha kukubali bila kutaka kuonekana amekubali: nani ataandika? Reco, wale wahudumu wa kujitolea wa vijijini, wana kazi zao. Daktari alipendekeza safu moja tu iongezwe katika daftari la sukari lililopo, ya tarakimu kutoka 0 hadi 6, idadi ya vidole vilivyohisi. Hakuna kitabu kipya. Anayepata 4 au chini hurudi kila miezi mitatu badala ya mwaka, na akiwa na kidonda chochote anapelekwa hospitali kuu siku hiyohiyo.

Hukumu ya mwandishi inaegemea upande wa daktari, kwa kiasi alichopunguziwa na muuguzi. Bila ule ubishi wa funguo shingoni, mpango ungekuwa wa kugusa vidole vya Maniema nzima na ungekufa mwezi wa pili. Na bila mzee, wote wawili wangeongea habari za Ipswich hadi jua lizame, hali ujuzi wenyewe ulikuwa umeketi nao kwenye mkeka, miaka mingi baada ya baiskeli yake kuuzwa.

Mama alipimwa palepale, macho yamefumbwa kwa kilemba chake. Alihisi vidole vitatu.

Wewe unayesoma na una mzazi, mke au mume mwenye sukari, mpime leo kabla ya kulala. Mwonyeshe kwanza kwa kumgusa goti ili ajue kulia na kushoto. Mwambie afumbe macho. Gusa gumba la kulia, kidole kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Usibonyeze, usitekenye, na asipohisi usirudie. Akikosa viwili, geuza nyayo zake zote mbili kwenye taa uzitazame vizuri, na asubuhi mpeleke kituoni akiwa amevaa viatu.